Wanataka Mama ale tu, yeye anataka kuongea

Habari zenu wasomaji, na wewe dada unayejibu hizi barua. Naandika kutoka Jinja, huku Walukuba. Mniwie radhi barua ni ndefu, hapa nyumbani kila mtu ana upande wake na sina wa kumuuliza.

Mama yetu ana kansa ya koo la chakula. Tulimpeleka mpaka Mulago kwa taasisi ya kansa, wakamtibu kadiri walivyoweza, mwisho daktari akatuambia waziwazi kuponya haiwezekani tena, tumtunze nyumbani. Saa hii nesi wa hospisi, wale wanaotunza wagonjwa wasioweza kupona tena, ndio anakuja kumuona, anamletea morfini ya maji, ile dawa kali ya maumivu ya kunywa, na hatulipi hata shilingi. Wazee waliikataa kwanza, ati morfini ndio inamaliza watu. Nesi akakaa nao chini akawaeleza kwamba Uganda hospisi ilianza na hii dawa Kampala mwaka 1993, na tangu 2004 hata manesi waliosomea hiyo kazi wanaruhusiwa kuiandika wenyewe bila kungoja daktari, ndio maana inafika mpaka vijijini. Wakakubali. Mama sasa analala usiku, kwa hilo namshukuru Mungu sana.

Sasa shida imebaki kwa chakula. Senga yetu, yaani shangazi, na mama mdogo wanakuja kila asubuhi na uji wa wimbi, au supu ya molokoni, ile ya kwato za ng'ombe, wanamwinua kichwa wanamlisha kwa kijiko hata akifunga mdomo. Anakohoa mpaka machozi yanatoka, alafu wanamwambia kula, ukikataa kula umejitakia kufa. Nesi ametueleza mara nyingi kwamba mwili ukifika hapa njaa yenyewe inaondoka, na kwa koo kama la mama kulazimisha ni hatari, chakula kinaweza kuingia kwa mapafu. Akasema tumpe kidogo tu anachotaka, tumlowanishe midomo, tumsafishe kinywa. Lakini jirani akija swali la kwanza ni amekula nini leo, ukisema hajala anakuangalia kama mtoto anayemnyima mamake chakula. Nawaelewa, kwetu mgeni hatoki bila kuonja kitu, sembuse mgonjwa. Lakini mama yangu ni mtu, si chungu cha kujaza, na inaniuma kuona mikono inamshika kichwa kwa nguvu.

Na ujue huyu ni mpishi. Ndiye aliyekuwa anapikia wafanyakazi wa kiwanda cha nguo hapa Jinja, watu wazima mpaka leo wanamwita Mama Chapati. Kusukuma chapati alifundishwa akiwa msichana na mama mmoja Mhindi waliyekuwa wanakaa jirani, na mwaka 1972 Amin alipowafukuza Wahindi, yule mama akamwachia kikaango chake cha chuma, bado tunakitumia. Anachotaka mama siku hizi ni tupikie karibu na mlango wa chumba chake, asikie harufu. Mchuzi wa karanga na samaki wa kukaushwa kwa moshi, anaonja kwa ncha ya kijiko basi, alafu anatoa amri kutoka kitandani, punguzeni moto, hizo karanga bado mbichi! Wajukuu wanakula pale pale kwenye mkeka wake na yeye anawaangalia. Siku kama hiyo anaongea mpaka jioni. Senga akikuta hivyo anakasirika, anasema tunakula mbele ya mgonjwa, hatuna adabu.

Hizo hadithi zake nimeanza kuzirekodi kwa simu, ni yeye mwenyewe aliomba. Watu wa umri wangu mnakumbuka zile vitabu vya kumbukumbu ambavyo akina mama wenye virusi walikuwa wanawaandikia watoto wao miaka ile ya ukimwi, mtoto ajue ukoo wake na mamake alikuwa mtu wa aina gani. Mama anataka kitu kama hicho. Nesi naye akaniambia Kanada kuna daktari anaitwa Chochinov aliyefanya hii kuwa tiba kabisa, mgonjwa anaulizwa maswali, maneno yanachapwa, anasomewa arekebishe, alafu yeye ndiye anaamua apewe nani. Nikaona hivyo ndivyo nitafanya.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Mama ametaja kwamba kabla ya kuolewa na baba alizaa mtoto wa kiume, akaachwa upande wa Busia kwa watu wa babake. Sisi hatukujua. Sasa anataka hilo liandikwe, na anataka aitwe amuone. Mjomba, kaka yake mkubwa, aliposikia akasema nifute yote, kwamba mgonjwa wa morfini anaongea ovyo, na nikimleta huyo mtu yeye hatakanyaga kwenye mazishi. Lakini mama hasemi ovyo jamani, anataja jina, anataja kijiji, anataja msimu wa mvua aliozaa, na kila akieleza ni vile vile. Kaka yangu aliye Juba anasema ningoje mama apumzike kwanza ndipo tumtafute. Mimi naona hapo itakuwa tumemtafutia nani?

Namba ya simu ya huyo ndugu nimeshapata kupitia mtu wa Busia. Sijapiga. Naomba mliouguza wazazi mniambie, mjomba ndiye atasimama kuongea na ukoo siku ya mazishi na bila yeye tutaaibika, nimpigie ndugu yetu sasa hivi au kwanza nimtafute mzee mwingine wa kumlainisha mjomba wakati siku za mama zinaenda? Na senga, nani amwambie aache kijiko asikie, maana nesi ameshindwa na mimi kwake ni mtoto?

Ni mimi, binti wa Walukuba