Jedwali la zamu za nyumbani: kaeni kitako kwanza, kuprinti baadaye

Wazazi wengi wanaokuja kwenye duka letu la kuchapa hapa Mlandege, Zanzibar, kutaka jedwali la zamu za kazi huwa wameshalipata kwenye intaneti. Wanatutumia kwa WhatsApp, tunalitoa, linabandikwa jikoni, na baada ya wiki mbili hakuna anayelitazama. Mara nyingi sababu ni kuwa limetengenezewa nyumba nyengine kabisa. Lina mstari wa kumtembeza mbwa na wa kukata majani ya bustani, lakini halina kwenda chuoni kusoma Kurani, halina kukuna nazi, wala kujaza mapipa maji yakitoka usiku.

Ndiyo maana tunawaomba wateja waanze bila kompyuta. Baada ya chakula cha usiku, kila mtu ataje kazi anazoziona zikifanyika humo ndani, na mmoja aandike. Kazi iandikwe kama inavyofanywa. Ukiandika “usafi wa jiko” umeacha mlango wa ugomvi wazi: mmoja ataosha sahani aone kamaliza, mwengine anasubiri masufuria yasuguliwe ukoko, sakafu ipigwe deki na taka zifike jaani. Hizo ni kazi nne, zipeni mistari minne. Na watoto wa kiume wawemo kwenye mistari yote, na ya masufuria pia. Sisi tunalisema hili kwa kila mteja, hata asiyetuuliza.

Wakati nao uandikwe kwa mwendo wa nyumba: baada ya alfajiri, kabla ya kwenda chuoni, baada ya magharibi. Kama mtoto mmoja anaingia skuli asubuhi na mwengine mchana, yule wa asubuhi asipangiwe kufagia uwanja saa moja, kwani saa hiyo ameshatoka.

Sasa kwenye zamu zenyewe, ambapo ndipo majedwali mengi yanapoharibika. Tuseme kuosha vyombo kunazunguka kila siku kwa watoto watatu. Wiki ina siku 7, na 7 haigawiki kwa 3, kwa hiyo aliyeosha Ijumaa hii hataosha Ijumaa ijayo; mzunguko unarudi mwanzo baada ya siku 21. Jedwali la wiki moja halitoshi hapo, litawafunga watu kwenye siku zilezile. Mtakalohitaji ni la wiki tatu. Kwa watoto wanne ni wiki nne. Nyumba yenye watu 7 ndiyo ngumu: zamu ikienda kwa mpango, mtu yuleyule ataangukia Ijumaa daima, siku ya pilau na wageni. Dawa yake ni kusogeza jina moja mbele kila wiki inapoanza. Tuleteeni majina na kazi, hesabu hii tutaipanga sisi.

Kuhusu karatasi, jikoni kuna mvuke na masika kuna unyevu, kwa hiyo tunatumia printa ya leza. Wino wa maji ukiguswa na mkono uliolowa unachuruzika. Kisha tunatia laminesheni, ili muweze kuandika alama kwa maka ya ubao mweupe na kuifuta. Ukingo wa plastiki tunauacha kama milimita 3 kuzunguka karatasi. Ukikatwa sawasawa na karatasi, maji yanaingia pembeni na jedwali linafanya madoa. Kwa kuta za chokaa za Mji Mkongwe, gundi ya karatasi haishiki. Tunapunguza karatasi sentimita 2 juu kabla ya kuitia kwenye plastiki, halafu tundu la kamba tunalitoboa kwenye plastiki tupu. A4 inatosha familia ya watu wanne au watano. Zaidi ya hapo chukueni A3, bibi asome bila kutafuta miwani.

Wapangaji wanaotumia choo na uwani mmoja, majirani wa ngazi moja kwenye majumba ya Michenzani na wanafunzi wanaokaa pamoja tunawatengenezea pia. Kwao tunaandika namba ya chumba au mlango badala ya jina, maana watu huhama.

Ramadhani ina jedwali lake. Vyombo vya mchana vinapungua, kazi inahamia kwenye futari na daku, na nani atamenya mihogo huwa suala la kila siku. Msitie tarehe za Januari hadi Disemba kwenye hilo. Mwezi huo huwahi kwa siku kama 11 kila mwaka. Andikeni “Ramadhani 1, Ramadhani 2” na karatasi itawafaa mwaka mwengine.

Mkituma faili, tumeni PDF. Picha iliyopigwa kwenye kioo cha simu ikikuzwa hadi A3 herufi zinavunjika. Walioandika kwa mkono walete karatasi hiyohiyo, tutaichapa. Ijumaa tunafunga saa sita kwa ajili ya sala, tunafungua tena saa nane.