Namba iliyo kwenye bunduki si shabaha: kuhusu makala yenu ya Mahiwa

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu juu ya mapigano ya Mahiwa ya Oktoba 1917, kati ya Waingereza na Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza. Nakaa Nyangao, kwa hiyo habari za Mahiwa ni habari za jirani, na nimeshindwa kunyamaza. Mwandishi wenu anasema kila askari wa Mjerumani alikuwa na bunduki ya kisasa ya Mauser iliyoweza kumwangusha mtu umbali wa mita 2,000. Sentensi moja, makosa mawili.

Nianze na hilo la pili, maana ndilo linalorudiwa kila mara na vijana wanaosoma habari za silaha. Kweli, kibao cha kulengea kwenye Mauser ya mwaka 1898 kimeandikwa namba mpaka 2,000. Lakini ile namba ilikuwa ya kikosi kizima kufyatua kwa pamoja, risasi zinyeshe kama mvua mahali walipokusanyika adui. Haikuwa ya mtu mmoja kumlenga mtu mmoja. Mimi nilipita JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) enzi za ujana wangu, tukalenga karatasi kubwa mita 100, mchana kweupe, tumelala kifudifudi bila mtu wa kuturudishia risasi. Wapo wenzangu ambao karatasi yao ilirudi safi kama ilivyokwenda. Kwa mita 2,000 ni vigumu hata kumwona mtu kwa macho matupu, sembuse kumpata.

Kuna jambo ambalo makala haikuligusa, nalo ndilo lenye utamu. Jeshi la Ujerumani lilipoingiza risasi mpya yenye ncha kali, iliyotoka mtutuni kwa kasi inayokaribia mita 880 kwa sekunde, kibao cha Mauser 98 ndefu kilipangwa upya, na namba yake ya chini kabisa ikawa 400. Maana yake, ukimlenga adui aliye mita 150 au 200, risasi inapita juu ya pale ulipolenga. Ni lazima ulenge chini ya kifua ndipo umpate. Kwenye mashamba wazi ya Ulaya hilo halikuwa tatizo kubwa. Anayeijua pori la bonde la Lukuledi lakini, na vichaka vyake vya miiba, atajiuliza mwenyewe ni mara ngapi askari alimwona adui wake akiwa mita 400.

Sasa kosa la kwanza. Vita vilipoanza mwaka 1914, kampuni nyingi za askari hapa kwetu zilikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871. Hiyo ni bunduki ya milimita 11, inapakia risasi moja moja, na inatumia baruti nyeusi. Risasi yake ni bonge la madini ya risasi la gramu 25, likikupata hunyanyuki. Ubaya wake ni moshi. Ukifyatua mara moja, wingu jeupe linakaa mbele yako: wewe huoni mbele, na adui anajua ulipo.

Moshi huo naujua. Babu yangu alikuwa mwindaji, na gobole lake lilikuwa la baruti nyeusi hiyo hiyo. Mimi ndiye niliyekuwa nikimbebea mdeki, ile fimbo ya kushindilia baruti mtutuni. Akishamfyatulia nguruwe pori hakusimama kutazama. Aliinama haraka, achungulie chini ya moshi aone kama miguu ya mnyama bado imesimama. Kupakia upya ilikuwa kazi: baruti, kitambaa, mdeki, marisau, kitambaa tena, mdeki tena, halafu fataki. Wakati huo nguruwe, kama yu mzima, ameshafika mtoni. Mtutu wake ulikuwa laini ndani, hauna ile mifereji iliyojipinda inayoizungusha risasi ili iende imenyooka, basi babu hakufyatua mpaka mnyama awe karibu kiasi cha hatua 30 au 40.

Ndiyo maana huwa nashangaa tunavyowasimulia watoto vita vya Maji Maji kana kwamba pande zote zilikuwa na bunduki. Mwaka 1905, vita vilipoanzia Nandete kule Umatumbi, wapiganaji wetu waliokuwa na silaha ya moto walishika magobole kama la babu. Askari wa serikali ya Wajerumani walikuwa na ile Mauser ya 1871, ambayo siku hizi tunaiita kuukuu. Ilikuwa na mifereji mtutuni na risasi yenye ganda la shaba ambayo hata ikinyeshewa inalia. Gobole likilowa baruti, limebaki rungu. Na nyuma yao kulikuwa na bombomu, yaani bunduki za rashasha.

Turudi Mahiwa. Machi 1916 meli ya Kijerumani iitwayo Marie iliingia hapa kwetu katika ghuba ya Sudi, ikashusha bunduki, mizinga na risasi, na wapagazi wakavibeba vyote kwa vichwa na mabega. Mauser 98 ziliongezeka, ila risasi za baruti isiyo na moshi zilikuwa na mwisho. Upande wa Waingereza walikuwa na Lee-Enfield inayobeba risasi 10 dhidi ya 5 za Mauser, na komeo lake ni jepesi kurudisha. Askari wao aliyefundishwa vizuri alitakiwa kufyatua risasi 15 za kulenga kwa dakika. Mambo ya usahihi wa Mauser na ubora wa Lee yanapendwa sana na wabishi. Mahiwa, kwa siku nne, kazi kubwa ya kuua ilifanywa na bombomu. Waingereza walipoteza watu zaidi ya 2,000 kati ya waliouawa na waliojeruhiwa, Wajerumani zaidi ya 500, na hao wa pili wakabaki karibu hawana risasi zisizo na moshi. Novemba 25 wakavuka Ruvuma, wakaivamia ngome ya Wareno pale Ngomano, upande wa Msumbiji, kwa sababu ya njaa ya risasi na chakula.

Kuhusu bastola sina mengi. Zilikuwa za maofisa: Luger ya Wajerumani yenye risasi 8, Webley ya Waingereza yenye risasi 6. Picha mliyoweka ni ya Mauser C96, ile ambayo ala yake ya mbao inageuka kuwa kitako. Nayo imeandikwa namba mpaka 1,000, na bastola! Yule fundi aliyeichonga namba hiyo nadhani alikuwa mtu wa mizaha.

Naomba mrekebishe makala kwenye toleo lijalo, hasa hiyo mita 2,000, maana walimu wa shule za huku hukata kurasa zenu wakazibandika ukutani. Mwandishi wenu akipita Nyangao anikaribie. Gobole la babu tulilisalimisha kituo cha polisi siku nyingi, lakini mdeki wake upo, tunaangulia maembe.

Mwalimu mstaafu,
Nyangao, Lindi