Hiyo A uliyonipa kwa simu

Ngamiani, Tanga
Jumapili usiku

Shoga yangu Zaina,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, mama kikohozi kimemwacha, mvua hakuna. Salamu zimekwisha, sasa nikugombeze.

Unaikumbuka siku ile nilipokupigia simu, fundi rangi yuko juu ya ngazi na brashi mkononi, nikakuuliza neno la dukani linaandikwaje? Ukanisomea herufi moja moja, sauti ya mwalimu mkuu. Ulipofika mwishoni ukasema A, R, Y. Nami nikamwambia fundi, tia A. Bango likapanda: "STATIONARY", jekundu juu ya nyeupe, hata aliye ndani ya daladala analisoma.

Miezi miwili kimya. Jumanne akaja yule mwalimu mstaafu, jirani wa kina Mwanahawa, kutoa fotokopi. Akasimama nje akicheka mpaka akavua miwani. "Binti yangu, umeandika kwamba duka lako haliendi!" Eti lenye A ni la kitu kilichosimama tuli, kama basi lililoharibikia Hale. La karatasi na kalamu lina E. Nilitamani ardhi ipasuke.

Lakini alipokaa kwenye benchi akanipa kisa chenyewe, na nimekipenda. Kumbe yote mawili asili yake ni Kilatini, "stare", kusimama. Ulaya ya zamani wachuuzi wengi walikuwa kama machinga wetu, leo hapa kesho kule. Wauza vitabu wa karibu na vyuo vikuu wao walikuwa na kibanda mahali pamoja, ndiyo wakaitwa "stationarius", aliyetulia. London wana chama chao tangu 1403. Kwa Kiingereza mwenye duka hilo akawa "stationer", na vitu vyake vikarithi E yake. Stesheni yetu ya reli nayo imo humo humo katika ukoo.

Basi bango halikusema uongo sana. Mimi si machinga, nimetulia. Na biashara tangu shule zifungwe nayo imetulia.

Akaniongezea "flour" na "flower", unga na ua. Lilikuwa neno moja! Ule unga laini unaopita kwenye chekeche ndio ua la ngano, na kamusi ya Samuel Johnson ya 1755 ilikuwa bado haijayatenganisha. Nikamkumbuka Bi Rehema na chapati zake, akichekecha huku anatukana... haya, tuyaache.

Narudi kwenye A yangu. Fundi anataka shilingi 15,000 kuigeuza iwe E. Herufi moja, Zaina! Anadai rangi mpya haitafanana na ya zamani, lazima apake mstari mzima. Mume wangu anasema niiache, mteja wa fotokopi hasomi bango. Lakini kila nikifungua duka asubuhi naikuta hiyo A imenitanulia miguu.

Sasa nijibu. Nusu ya hela utanitumia, au nimwambie mwalimu ni nani aliyenisomea? Ulijiaminije vile, au nawe ulikuwa unabahatisha? Likizo unakuja lini? Na ule muhuri ulioniagizia huko Dar, umekwisha kuchongwa? Umewapa herufi gani?

Wako,
Mwanaisha