Mwanangu, kukimbia kwako ni kazi

Chamgei mama. Voisi uliyotuma Jumapili tumeiskiza na mama yako, halafu nikaiskiza tena peke yangu nikiwa shambani, nikaona hili swali haliwezi kujibiwa kwa simu ya dakika tano ndio maana naandika hivi virefu, usome polepole ukitoka mazoezi. Unauliza kama ni haki wanamichezo wa chuo huko Marekani walipwe pesa zaidi ya skolaship, na kama una haki ya kuumia moyo ukiona wale vijana wa futiboli, ile ya Kimarekani ya kubeba mpira mkononi, wanalipwa na chuo chenu na wewe unapata kitanda na chakula. Jibu langu ni ndio, ni haki walipwe, na wewe pia ulipwe. Lakini ile karatasi ya kampuni ya vinywaji, ya kukulipa uwatangazie soda, usiweke sahihi kwanza. Nitaeleza yote mawili.

Hapa nyumbani kila mtu anasema umesaidiwa, eti unasomeshwa na Wazungu na huna deni la mtu, na wanasema kwa nia nzuri lakini hawajui unavyoishi. Mimi najua kwa sababu unaniambia. Saa kumi na moja uko nje kwa theluji na glavu mbili mkononi, jioni uko jimu, Ijumaa mko kwa basi mnaenda mashindano jimbo lingine na ule mtihani wa kemia ukaufanyia kwa hoteli kocha akikuangalia. Sheria yao inasema mazoezi yasizidi masaa 20 kwa wiki, lakini masaa ya basi na ya kukaa kwa barafu kutibu misuli hayahesabiwi hapo. Na hata hio skolaship yenyewe, ile sehemu ya chumba na chakula inakatwa kodi asilimia 14 kwa sababu wewe ni mwanafunzi wa nje. Mtu anayekatwa kodi kwa sahani ya chakula asiambiwe amepewa sadaka.

Wewe umekulia kwa majani chai kwa hivyo utanielewa haraka. Kiwanda hutupatia mbolea kwa mkopo, kinatulipa kidogo kila mwezi kwa kilo, na mwisho wa mwaka majani yakishauzwa kunakuwa na bonasi. Sasa fikiria meneja aje kituoni pale tunapopimia aseme mwaka huu hakuna bonasi, si tuliwapa mbolea? Unajua vile wazee wangefanya, barabara ingefungwa kabla ya jua kutua. Skolaship ni mbolea, mama. Inakusaidia uzae, na nashukuru kwa ajili yake, lakini haiwezi kuwa malipo ya majani yote yaliyouzwa.

Na majani yanauzwa kweli. Yale mashindano ya mpira wa kikapu ya mwezi wa tatu, mwaka 2010 NCAA, kile chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, iliuza haki ya kuyaonyesha kwa TV miaka 14 kwa dola bilioni 10.8, na 2016 wakaongeza bilioni 8.8 kufika 2032. Makocha wa futiboli wanalipwa mamilioni, kuna majimbo mengi mtumishi wa umma anayelipwa mshahara mkubwa kuliko wote, kushinda hata gavana, ni kocha wa chuo. Muda huo wote mchezaji akipokea hata pesa kidogo kutoka nje alikuwa anafungiwa. Hio haiwezi kuitwa ridhaa, yaani kucheza bila malipo. Kocha analipwa, mwenye TV analipwa, mwenye kuuza jezi analipwa, halafu yule anayevunjika goti anaambiwa acheze kwa mapenzi.

Tangu uende nimekuwa nikisoma sana haya maneno, ndugu yako ananitafutia. Kitu kimoja kilinikalia kichwani. Mwaka 1955 kijana anaitwa Ray Dennison alikuwa anachezea futiboli chuo kimoja kule Colorado, akagongwa kichwa akafa, akaacha mjane na watoto. Mjane akaomba fidia kama ile ya mtu aliyefia kazini. Mwaka 1957 mahakama kuu ya jimbo ikakataa, ikasema chuo hakifanyi biashara ya futiboli. Kila nikisikia mtu akisema nyinyi ni wanafunzi tu sio wafanyakazi namkumbuka huyo mama, kwa sababu hapo ndipo maneno hayo yanafanya kazi yake, siku ya kuumia.

Mambo yalianza kufunguka juzi tu, na ni wachezaji wenyewe walioenda kortini, hakuna mtu aliyewahurumia. Ed O'Bannon aliyechezea kikapu chuo cha UCLA alishtaki 2009 baada ya kujiona ndani ya gemu ya kompyuta, sura yake na mchezo wake, na yeye hakupata hata senti. Mwaka 2021 ikaja kesi ya mchezaji mwingine, Alston, majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu wakakubaliana kwamba NCAA haiko juu ya sheria za ushindani wa biashara, na mwezi wa saba mwaka huo huo wanamichezo wakaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yao. Halafu Juni 2025 jaji Claudia Wilken akapitisha yale makubaliano ya kesi ya House, ile wachezaji walishtaki NCAA, kwamba wale wa zamani walipwe karibu dola bilioni 2.8 kwa miaka 10, na chuo kinachotaka kinaweza kugawia wanamichezo wake moja kwa moja mpaka kama dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Hizo ndizo pesa unazoona rafiki yako wa futiboli akinunulia gari. Usimwonee wivu, ni jasho lake na lilichelewa sana.

Lakini angalia zinavyogawanywa. Vyuo vingi vikubwa vinafuata hesabu ya zile fidia, karibu asilimia 75 futiboli, 15 kikapu cha wanaume, 5 kikapu cha wanawake, na 5 inayobaki ndio igawanywe kwa michezo mingine yote, nyinyi wakimbiaji mkiwa humo ndani na waogeleaji na kila mtu. Kuna wasichana wamekata rufaa wakisema hio hesabu ya fidia inavunja sheria ya usawa, ile wanaita Title IX, na mimi niko upande wao kabisa. Najua utaambiwa mbio za nyika haziingizi pesa. Ni kweli hakuna mtu analipa tiketi kuwaona mkipita kwa matope, lakini chuo hicho hicho kinaweka picha yako kwa mabango ya kutafuta wanafunzi, na wanafunzi wanalipa karo. Na hapo hapo wameweka kikomo cha wachezaji kwa kila timu, nyika 17, riadha 45, kwa hivyo kuna wasichana waliopoteza nafasi wasipate hata hio mbolea. Hilo linanisumbua kuliko gari la mtu wa futiboli.

Sasa nataka nikuambie habari ya Henry Rono, maana naona vijana wa sikuhizi wanajua jina tu. Ni mtu wa hapa hapa Nandi. Alikuwa mwanafunzi wa chuo cha Washington State kule Marekani kama wewe ulivyo mwanafunzi, na mwaka 1978 ndani ya siku 81 alivunja rekodi nne za dunia, mita 5,000, kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Nne, mama. Ya kwanza huko Berkeley, ya mwisho Oslo. Hakuna mwingine amefanya hivyo. Sheria za ridhaa za siku hizo zilikataza mwanariadha kulipwa kwa kukimbia, na Olimpiki hakuikanyaga kwa sababu Kenya ilisusia 1976 na 1980. Watu wakajaza viwanja kumwona, chuo kikapata jina, na yeye baadaye akaja kubeba mizigo ya abiria kwa uwanja wa ndege kule kule Marekani, akihangaika na pombe, mpaka akarudi nyumbani mzee, akafa Februari 2024. Siwezi kusema pesa ingemwokoa na pombe. Nasema tu alistahili kuwa na kitu chake mwenyewe wakati miguu bado ilikuwa inamtii, na hilo halikuwa la mtu kumkatalia.

Ndio maana siwezi kukuambia ushukuru unyamaze. Lakini sasa kuhusu karatasi. Uko na visa ya F-1, ile ya mwanafunzi wa nje, hio inakuruhusu kazi ndani ya chuo masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo, kazi ya nje bila kibali ni kuvunja masharti. Kupigwa picha na soda na kuposti kwa pesa ni kazi, hata kama yule dada wa kampuni anasema ni posti mbili tu. Yeye akikosea hapotezi kitu, wewe utarudishwa na digrii nusu. Hata hizo za chuo kugawa, mawakili hawakubaliani kama mwanafunzi wa nje anaweza kuchukua. Na mwaka 2025 uliona mwenyewe vile wanafunzi wa nje walifutiwa rekodi zao za uhamiaji ghafla, hii si saa ya kujaribu bahati.

Huyu Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi, mtoto wa Kongo, alikuwa mchezaji bora wa mwaka wa kikapu cha vyuo 2022 na wenzake wakitengeneza pesa yeye akiangalia, ikabidi afanye zile kazi za matangazo timu ilipoenda Bahamas mwezi wa nane, nje ya mpaka wa Marekani. Yeye alikuwa na watu wa kumwongoza. Hio sheria ni mbaya na ibadilishwe, mtu akicheza sawa na mwenzake alipwe sawa na mwenzake awe ametoka Texas ama Kapsabet, na mkiitwa kutia sahihi barua ya kuomba ibadilishwe wewe tia. Lakini mpaka ibadilike, nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa na hio karatasi, waulize, na jibu wakupe kwa maandishi, sio kwa mdomo.

Kuna mengine ni yako tayari na huyadai. Tangu Agosti 2024 vyuo vya daraja lenu vinatakiwa kugharamia matibabu ya jeraha ulilopata michezoni mpaka miaka miwili baada ya kumaliza. Ule mfupa wa mguu uliopasuka mwaka jana ukaambiwa upumzike tu, omba upigwe picha tena na uweke nakala zako. Skolaship yako haifai kukatwa kwa sababu umeumia, na usome huo mkataba ukurasa kwa ukurasa. Kocha akikuuliza utarudi lini kukimbia, mwambie daktari ndiye atasema.

Na ile shilingi elfu kumi na tano uliyotuma mwezi wa nane, ulisema umeibana kwa pesa ya chakula. Mama yako alilia. Hatujaitumia, nimeiweka kwa sacco kwa jina lako na risiti iko. Usitume ingine. Ng'ombe wanakamuliwa, karo ya mdogo wako nimeshamaliza ya muhula huu, na wajomba wakikupigia simu waambie waongee na mimi. Mtu anayekimbia kilomita mia kwa wiki anatakiwa kula nyama.

Nitumie picha ya ule mkataba wote, sio ukurasa wa sahihi peke yake, ndugu yako atausoma na mimi kabla ya Ijumaa.

Baba yako