Neno «usuluhishi» katika mkataba wako lina maana ipi?

Mteja wetu mmoja, fundi seremala anayeuza samani kwa hoteli, alituletea mkataba wake akiwa ameipigia mstari kwa kalamu ya bluu sentensi hii: «Mgogoro wowote utapelekwa kwa msuluhishi, na uamuzi wake utakuwa wa mwisho.» Aliutia saini bila wasiwasi, kwa kuwa kwake msuluhishi ni kama mzee wa mtaa, anayewaketisha watu na kuwasikiliza, na wasipoelewana kila mmoja hurudi nyumbani na msimamo wake.

Hatukumlaumu, kwani hapa Tanzania sheria zenyewe hulitumia neno hili kwa maana mbili. Katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, usuluhishi ni hatua ya kwanza, ambayo kwa kawaida hupewa siku 30. Msuluhishi huzisaidia pande mbili kuafikiana, lakini hana mamlaka ya kusema nani ana haki, na zikishindwa ndipo shauri huenda kwa mwamuzi, ambaye hutoa tuzo, yaani uamuzi wake. Lakini Sheria ya Usuluhishi, Sura ya 15, iliyotungwa upya mwaka 2020, inamhusu mtu mwingine kabisa: yule ambaye wahusika wamekubaliana kwa mkataba kwamba awaamulie, anayepokea ushahidi na kutoa tuzo inayowafunga, na ambayo kwa idhini ya mahakama hutekelezwa kama hukumu. Kwa hiyo msuluhishi wa sheria hii ndiye anayefanana na mwamuzi wa Tume, jambo ambalo hata mawakili hulieleza vibaya wakiwa na haraka.

Tofauti hiyo ina gharama. Ukikimbilia mahakamani huku mkataba una kifungu cha namna hii, mwenzako anaweza kuomba shauri lako lisimamishwe, na tuzo ikishatoka, sababu za kuipinga ni chache, mojawapo ikiwa msuluhishi kutokuwa na mamlaka. Tena ada ya msuluhishi hulipwa na wahusika wenyewe.

Ofisi yetu husoma vifungu hivi kabla hujasaini. Kwa fundi wetu, hoteli ilikubali kifungu kirekebishwe hivi: wahusika watakaa kwanza na mpatanishi asiye na mamlaka ya kuamua, kwa siku zisizozidi 30; wasipoafikiana, mgogoro utaamuliwa na msuluhishi mmoja chini ya Sura ya 15, na vikao vitafanyika Dar es Salaam, kwa Kiswahili.