Uje Desemba, ule kwa bibi yako

Machame, Julai

Mwanangu mpendwa,

Salamu katika jina la Bwana. Sisi hatujambo, isipokuwa goti la mama yako, ambalo baridi ya mwezi huu imeliamsha tena. Naandika kwenye karatasi, mdogo wako ataipiga picha akutumie, maana kwa simu kila nikianza kusema haya unaniambia mtandao mbovu.

Dada yako ametuambia. Usimkasirikie, nilimbana mimi. Amesema yule mtumishi unayesali kwake ameonyeshwa mwanamke mzee wa upande wa baba, mwenye nyumba karibu na migomba, na kwamba ndiye aliyekifunga kizazi chako. Mwanangu, wewe umezaliwa Machame. Ni Mchaga gani asiye na bibi, na ni bibi gani asiye na migomba? Unakagua hesabu za kampuni za watu, unakamata shilingi iliyopotea tangu mwaka juzi. Hesabu hii imekupitaje?

Ndiyo maana nauliza: Desemba utakuja? Na ukija, utakula kwa bibi yako? Krismasi iliyopita ulisema umeshiba. Niliona.

Mimba mbili kutoka si jambo dogo. Hayo uliyazungumza na mama yako, mimi nilikuwa shambani. Ile siku ya Machi uliponipigia nikasema chaji inaisha, chaji ilikuwepo. Basi.

Nasikia mnafundishwa kwamba mtu akimtii Mungu hapatwi, na akipatwa ajue kuna mlango ameuacha wazi, au kuna mtu amemfungia. Mimi ni mzee wa kanisa, si mchungaji, lakini Biblia ninayo. Ayubu ameitwa mkamilifu na mwelekevu katika mstari wa kwanza kabisa wa kitabu chake, kabla hajapoteza hata punda mmoja. Rafiki zake walifanya jema moja tu, kukaa naye chini siku saba bila kusema neno. Walipofungua vinywa wakaanza kutafuta kosa, na mwishoni Mungu akamwambia Elifazi kwamba hasira yake imewaka juu yake na wenzake wawili, kwa sababu hawakunena yaliyo sawa. Na Elifazi angalau hakutoa lipa namba ya kutumiwa sadaka kwa simu.

Nataka usome tena Danieli sura ya 3. Wale vijana watatu walimwambia Nebukadreza kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuru. Kisha wakaongeza, "Bali kama si hivyo." Haya maneno manne siyasikii katika yale mahubiri unayotutumia kwenye kundi la familia. Vijana wale walikuwa wameshaamua kabla ya kujua moto utawafanyaje. Imani isiyo na maneno hayo hukatika siku jibu linapochelewa, na mtu aliyekatikiwa hutafuta wa kumlaumu. Wa karibu huwa ni bibi kizee asiye na simu ya kujitetea.

Habari za Hana, yule mwanamke tasa, mnahubiriwa kila wiki, kwa kuwa alimpata Samweli. Waulize na Paulo. Aliomba mara tatu mwiba umtoke, akajibiwa, "Neema yangu yakutosha." Sisemi hutazaa. Namwomba Mungu uzae, kila asubuhi kabla ya kukamua. Ila anafanya nini na ninyi wawili sijui, na huyo mtumishi naye hajui. Yakobo anasema kujaribiwa kwa imani huleta saburi. Hakutaja muda. Ulipoacha kwaya mwaka huu nilinung'unika, mama yako akasema niache, unalia kwa namna yako. Kwaya utarudi ukitaka, wala hilo silo linalonikosesha usingizi. Linalonikosesha ni bibi yako.

Mwaka 1920 Waingereza waliwaondoa wamisionari Wajerumani wa Leipzig, waliokuwa hapa mlimani tangu 1893. Sharika zikabaki mikononi mwa walimu wenyeji, watu wasio na mshahara wa maana, wakifundisha wakristo wapya na kuzika wafu. Wangeweza kusema Machame imelaaniwa. Walipiga kengele Jumapili kama kawaida, na walipokuja wageni wengine walilikuta kanisa. Ukoo unaoambiwa umefungwa umetokana na watu hao.

Mafuta ndiyo kabisa usiyalete hapa. Tarehe 1 Februari 2020, hapa hapa Moshi, uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa wakikanyagana kuyawahi mafuta ya upako. Siwacheki. Kila mmoja alikwenda na shida yake, kama wewe na yako. Najua utanijibu kwa Samunge, kule Loliondo, kwamba mwaka 2011 nami nilipanda gari nikanywe kikombe cha dawa ya Babu. Ni kweli. Kilikuwa shilingi 500, na mchungaji yule mstaafu hakuniambia nimchukie mtu yeyote. Vidonge vyangu vya sukari naendelea kumeza.

Na kliniki? Dada yako anasema umeacha kwa sababu kwenda ni kukosa imani. Luka alikuwa tabibu, na Paulo alimwita mpendwa. Nesi wa zahanati yetu (sikutaja jina lako) ameniambia mimba zikitoka zaidi ya mara moja ziko sababu zinazochunguzwa: tezi ya shingoni, damu inayoganda kupita kiasi, umbo la kizazi. Nyingine zina dawa. Akasema na mume apimwe. Mwambie mkwe wangu nimesema mimi.

Ada ya mdogo wako uliyolipa bila kuombwa, sikukushukuru vizuri. Niliwaambia wazee wenzangu baada ya ibada, wakanichoka. Lakini mtu anayelipa ada ya mdogo wake hapaswi kukopa kwenye simu ili apande mbegu, yaani ampe mtumishi sadaka akitarajia muujiza. Hilo pia nimeambiwa. Unadaiwa kiasi gani? Andika, usiogope, kahawa ikilipwa tutaona.

Jumapili ya mavuno bibi yako alileta mkungu wa ndizi, akataka utangazwe mnadani kwa jina lako. Nimenunua mimi kwa bei ya aibu, kwa sababu mwalimu mstaafu wa jirani alikuwa anapandisha makusudi. Kuhusu mtumishi wako sijamwambia neno, na wewe usije ukamwambia. Anauliza tu kama siku hizi unapenda mtori mzito au mwepesi. Nijibu hilo, hata kama mengine hutaki kuyajibu.

Ng'ombe amezaa, dume tena. Bati za jikoni zimevuja, fundi amekula kianzio akapotea. Mota ya mashine ya kukata majani imeungua, mkwe wangu aniulizie Kariakoo, isiwe ya bei mbaya. Tiketi kateni mapema, Desemba mabasi ya Moshi hujaa. Kateni mbili, na mnipe tarehe ili nimwambie bibi yako.

Baba yako