Kabla ya kugawa majiko ya umeme, tukague nyaya za jikoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo katika mjadala wa nishati safi ya kupikia halitajwi inavyostahili, nalo ni unene wa waya uliofukiwa kwenye kuta za vyumba vyetu vya kupikia.

Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Naunga mkono kwa moyo wote. Mama yangu mzazi alipika kwa kuni maisha yake yote, na kikohozi chake bado kiko masikioni mwangu. Umeme nao sasa upo. Bwawa la Julius Nyerere peke yake limejengwa kuzalisha megawati 2,115. Lakini umeme huo, ukishafika nyumbani kwa mtu, unapita kwenye uzi wa shaba, na nyumba nyingi zilitandazwa nyaya wakati ambapo jikoni palihitaji taa na friji tu, chakula kikipikwa uani kwa mkaa.

Nyumba yetu hapa Kihonda, Morogoro, ni mojawapo. Tuliinunua ikiwa na nyaya tayari. Tulipoanza kutumia jiko la umeme la pleti mbili, plagi ikawa ukiichomoa huwezi kuishika, na uso wa soketi ukaanza kugeuka kahawia kuzunguka matundu. Nikamwita fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, nikamwomba afungue mbele yangu. Nimefundisha fizikia sekondari hadi nikastaafu, na jambo hili sikutaka kusimuliwa.

Kifuniko cha soketi kilipotoka, plastiki ya waya wa laivu, ule unaoleta umeme, ilikuwa imekakamaa. Fundi aliikunja kidogo ikamegeka, na shaba ndani ilikuwa imepiga weusi. Akapima: waya wa 1.5, yaani milimita za mraba 1.5 za shaba. Huo ni waya wa taa. Kwa soketi mafundi hutandaza wa 2.5, na jiko la umeme hupewa waya wake peke yake, wa 4 au wa 6 kwa kadiri ya ukubwa wa jiko. Kwetu, waya mmoja wa 1.5 ulikuwa unalisha soketi tatu na taa juu yake. Tukaenda kwenye meni swichi. Breka ya waya huo, ile swichi inayokata umeme yenyewe mkondo ukizidi namba yake, ilikuwa ya ampea 32.

Jirani ndiye aliyetueleza ilivyokuwa. Waliokaa kabla yetu breka ilikuwa ikikatika kila wakichemsha maji huku mtu anapiga pasi. Wakaita fundi, akawawekea breka kubwa zaidi. Haikukatika tena, na kila mtu akaona kazi imekwisha.

Mhariri, hapo ndipo penye hatari, na ndipo ninapotaka wasomaji wako wasimame kidogo. Breka haikuwekwa ili kulinda jiko wala birika. Inalinda waya. Inapokatika, mara nyingi inasema kwamba mzigo umezidi uwezo wa waya uliomo ukutani. Kubadilisha breka pekee na kuacha waya uleule ni kuondoa mlinzi mlangoni kwa sababu anapiga kelele usiku.

Hesabu yake si ngumu. Jiko letu ni wati 2,000, birika nalo wati 2,000. Jumla wati 4,000. Gawanya kwa volti 230, unapata ampea 17 na ushee. Waya wa 1.5 uliomo ndani ya bomba la plastiki ukutani unastahimili ampea kati ya 14 na 17 hivi, kutegemea ulivyolazwa, na katika joto la Morogoro uwezo huo unapungua. Chomeka na pasi ya wati 1,200, unavuka ampea 22. Breka ya 32 haishtuki. Kwake hakuna kilichotokea.

Na joto la waya haliongezeki sawasawa na mkondo. Ukizidisha mkondo mara mbili, joto linakuwa mara nne. Kutoka meni swichi hadi jikoni kwetu ni kama mita 15, kwa hiyo umeme unasafiri mita 30 kwenda na kurudi. Nilikokotoa kwa ukinzani wa shaba: kwa ampea 17.4, waya wa 1.5 unageuza wati 110 hivi kuwa joto ndani ya ukuta. Mzigo huohuo kwenye waya wa 6 unapoteza wati 28 tu. Plastiki ya nyaya za kawaida imetengenezwa kuvumilia nyuzi 70 za sentigredi. Ikipitishwa hapo kila jioni kwa miaka, inakauka, inapasuka, na siku laivu na nyutro, waya unaorudisha umeme, zikigusana tutasikia tena kwamba nyumba imeungua kwa “hitilafu ya umeme”. Umeme hauna kosa hapo. Kosa ni waya mdogo na breka kubwa.

Sisi tulizima umeme, fundi akafunga waya mpya kwenye ncha ya ule wa zamani na kuuvuta kupitia bomba lilelile. Kona moja juu ya sinki ilikuwa imejaa saruji, ikabidi plasta ipasuliwe. Jiko sasa lina waya wake wa 6 na breka ya 32, soketi zina 2.5 na breka ya 20, na taa imebaki na 1.5 kwa breka ya 6. Ethi, waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja, imefika kila soketi. Awali moja haikuwa nayo kabisa. Dukani nilikwangua ncha ya kila waya kwa kisu kabla ya kulipa. Ukikwangua wekundu wa juu ukaona weupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, usiinunue hata kwa nusu ya bei.

Najua wapangaji wengi hawana ruhusa ya kupasua ukuta wa mtu. Kwao la haraka ni kumwomba mwenye nyumba alete fundi arudishe breka inayolingana na waya uliopo, ya ampea 10 kwa waya wa 1.5. Itakatika ukiwasha birika na jiko pamoja, na ni vizuri ikatike. Pika kwanza, chemsha maji baadaye. Plagi ikiwa ya moto baada ya dakika ishirini za kupika, acha kuitumia soketi hiyo mpaka ifunguliwe. Na ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu isibebeshwe jiko, hata kwa siku moja ya sikukuu.

Ombi langu kwa Wizara ya Nishati na kwa wote wanaogawa au kukopesha majiko ya umeme ni moja. Kabla mama hajakabidhiwa jiko, apelekewe fundi mwenye leseni, afungue soketi atakayoitumia, asome unene wa waya, kisha asome namba ya breka. Nyumba hukaguliwa nyaya inapoomba kuunganishwa umeme. Baada ya hapo watu huongeza vyumba, soketi na vifaa kwa miaka bila mtu kurudi kuangalia. Gharama ya ukaguzi na ya waya pale unapohitajika ihesabiwe kuwa sehemu ya bei ya jiko, na kama jiko lina ruzuku, ruzuku hiyo ifike mpaka ukutani.

Nawe Mhariri, nakuomba umtafute fundi mzoefu awaonyeshe wasomaji kwa picha namna ya kusoma namba iliyoandikwa kwenye breka bila kufungua kitu chochote. Wengi wataikuta 32 mahali ambapo haikupaswa kuwa.

Mwalimu mstaafu,
Kihonda, Morogoro